Si Mionzi Yote ni Sumu

(Mada hii ilitolewa kwa vijana na wazazi baada ya Swala ya Alasiri, katika darasa zetu za Ramadhan. Mtoa mada ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili. Tumeiacha karibu kama alivyoizungumza, na baadhi ya maswali yaliyoulizwa tumeyaweka mwisho.)



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana. Nimepewa dakika arubaini. Najua saa hii koo limekauka, na harufu ya viazi karai yatoka nyumba ya pili, kwa hivyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, kisha ndiyo niingie kwenye somo lenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita dadangu mdogo alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu mtoto akaanza kuwa manjano. Kwanza uso, kisha kifua, mwisho hata weupe wa macho ukabadilika. Hospitalini wakampima damu, daktari akasema mtoto awekwe chini ya taa ya buluu leo hii hii, asingojee kesho. Mama yetu akauliza, taa hiyo ni ya nini? Akajibiwa kwa haraka na kijana mmoja pale, ati ni tiba ya mionzi.

Hilo neno mionzi ndilo lililoharibu mambo. Jirani yetu alikuwa amefariki kwa saratani mwaka ule ule, na yeye alikuwa akipelekwa Nairobi kwa mionzi. Nywele zilimtoka, ngozi ikamchubuka. Mama aliyaona yote yale kwa macho yake. Basi akasimama mlangoni akasema, "Mtoto wa siku tatu hachomwi mionzi. Nikiwa hai mimi, hapana." Kisha akanipigia simu, saa nne usiku. "Mwanangu, wewe ndiwe mwalimu wa mambo haya. Nambie, mionzi hiyo ni ile ile?"

Ndugu zangu, mimi wakati huo nilikuwa nimefundisha somo la mionzi miaka kumi na moja. Fomyula zake nazijua hata usingizini. Wanafunzi wangu wamepita mitihani. Lakini usiku ule mamangu ameniuliza kwa Kiswahili, swali la ndiyo au la, mimi nikababaika. Nikaanza kumtajia maneno ya Kizungu ya kitabuni. Akanisikiliza kidogo, akasema, "Basi hujui." Akakata simu. Mtoto akalala usiku ule bila taa.

Asubuhi kipimo cha damu kilikuwa kimepanda. Alhamdulillahi palikuwa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima. Alimshika mamangu mkono, akampeleka mpaka kwenye taa, akaweka kiganja chake mwenyewe chini ya ule mwanga. Akamwambia, "Bi mkubwa, tazama. Hii ni taa, rangi yake buluu. Haichomi. Mtoto tunamfunika macho tu, na mara kwa mara mamake anamnyonyesha." Mama akaweka mkono wake pia. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, mwekeni."

Mtoto alikaa chini ya taa siku mbili, manjano ikashuka. Leo ni kijana wa gredi ya nne, asumbua mtaa mzima kwa mpira. Lakini kingeweza kuwa kisa kingine kabisa. Manjano ya watoto wachanga ikipanda sana huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kupoteza kusikia, anaweza kulemaa maisha yake yote, anaweza kufa. Nami ningekuwa mjomba aliyejua fomyula.

Kwa hivyo mada ya leo ni lile jibu nililopaswa kumpa mamangu usiku ule. Mionzi hiyo ni ile ile? Jibu ni kwamba ukoo ni mmoja, lakini nguvu ni mbalimbali. Na kinachotofautisha nguvu hizo chaweza kueleweka na mtu yeyote aliyekaa hapa.

UKOO MMOJA, MWENDO MMOJA

Mawimbi ya redio, ya simu, joto tunalolihisi tukikaa karibu na jiko la makaa, mwanga wa taa, ile sehemu ya mwanga wa jua inayounguza ngozi, eksirei, na mionzi anayopigwa mgonjwa wa saratani kutoka kwenye mashine. Yote haya ni kitu cha aina moja. Wataalamu wanayaita mawimbi ya sumakuumeme. Katika anga tupu yote yana mwendo mmoja, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Wimbi la redio halimpiti mwanga, wala mwanga haumpiti eksirei.

Mwendo huo ni mkubwa mno. Hata hivyo jua liko mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua kama dakika nane kutufikia. Jioni ya leo, utakapolitazama jua likigusa mwisho wa upeo wa macho, mwanga unaouona uliondoka huko dakika nane kabla.

Sasa, kama ukoo ni mmoja na mwendo ni mmoja, tofauti iko wapi?

Hebu mfikirie baba na mwanawe mdogo wanakwenda msikitini, wameshikana mikono. Wanakwenda sambamba, wanafika pamoja. Lakini hatua ya baba ni ndefu, na ya mtoto ni fupi. Ili asiachwe, mtoto inabidi apige hatua nyingi, tap tap tap tap, wakati baba ametembea mbili tu. Mwendo wao ni mmoja. Mwenye hatua ndefu hupiga chache, mwenye hatua fupi hupiga nyingi.

Mawimbi ni vivyo hivyo. Umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi linalofuata, hiyo ndiyo hatua yake, na twaiita urefu wa wimbi. Idadi ya mawimbi yanayopita mbele yako kwa sekunde moja twaiita masafa. Wale mnaosikiliza redio mnalijua neno hili, mtangazaji husema "katika masafa ya megahezi kadhaa". Hezi moja ni wimbi moja kwa sekunde, na jina hilo latokana na Heinrich Hertz, Mjerumani aliyetengeneza mawimbi ya redio katika chumba chake cha majaribio miaka ya 1880. Megahezi moja ni mawimbi milioni moja kwa sekunde.

Vijana, shikeni hesabu hii ndogo, haihitaji kikokotoo. Chukua 300, ugawanye kwa megahezi. Jibu ni urefu wa wimbi kwa mita.

Redio ya FM ya megahezi 100: 300 kwa 100, ni mita 3. Wimbi lake ni refu kuliko chumba chako cha kulala pengine.

Simu ya megahezi 900: ni sentimita 33 hivi, zaidi kidogo ya rula ya shule.

Jiko la maikrowevu, megahezi 2,450: ni sentimita 12.

Na hapo kuna jambo zuri la kutazama. Kwenye mlango wa jiko la maikrowevu, ndani ya kioo, kuna wavu wa chuma wenye vitundu vidogo vidogo. Chakula wakiona ndani, kwa hivyo mwanga wapita. Lakini wimbi la sentimita 12 haliwezi kupenya kitundu cha milimita moja au mbili. Ni kama mkoko wa maji kujaribu kuingia tundu la sindano. Mlango ule ukipinda au wavu ukitoboka, jiko hilo si la kutumiwa tena.

Tukiendelea kufupisha hatua, twafika kwenye mawimbi ya rimoti ya televisheni. Hayaonekani kwa jicho, lakini elekeza rimoti kwenye kamera ya simu, bonyeza, na katika simu nyingi utaona kitaa kinawaka. Hapo urefu wa wimbi umeshakuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kisha ndiyo mwanga tunaouona. Hapa twapima kwa nanomita, yaani milimita moja ukiigawa mara milioni. Nyekundu ni karibu nanomita 700, kijani 530 hivi, buluu 460 hivi, zambarau 400. Kwa hivyo rangi si kingine ila urefu wa wimbi. Baada ya zambarau jicho halioni tena. Hapo waanza urujuanimno, ule wa jua unaounguza ngozi. Kisha eksirei, ambayo wimbi lake ni dogo hata kuliko upana wa atomu moja, na mwisho ni gama.

EMBE NA MCHANGA

Sasa twafika kwenye nguvu yenyewe. Hapa hata wataalamu walikwama kwa muda.

Iligunduliwa kwamba ukimulika chuma fulani kwa mwanga, chembe ndogo za umeme, elektroni, huruka kutoka kwenye chuma. Watu wakadhani, mwanga ukiwa mkali zaidi basi elektroni zitaruka kwa nguvu zaidi. Haikuwa hivyo. Kuna vyuma ambavyo ukivimulika kwa mwanga mwekundu, hata uwe mkali namna gani, hata ukae siku nzima, hakitoki kitu. Kisha leta mwanga dhaifu wa zambarau, papo hapo elektroni zinaruka.

Kwa nini? Mwaka 1900 Max Planck, Mjerumani, alitoa hoja kwamba nguvu ya mwanga haitoki kama maji ya mfereji, hutoka kwa vipande vipande. Mwaka 1905 Albert Einstein akaitumia hoja hiyo kueleza fumbo la chuma na elektroni. Wengi hudhani alipewa Tuzo ya Nobel kwa jambo jingine, lakini ile tuzo yake ya mwaka 1921 ilitaja kazi hii. Vipande hivyo leo twaviita fotoni. Na kanuni yake ni moja: nguvu ya fotoni moja hufuata masafa yake. Masafa yakiwa maradufu, nguvu ya kila fotoni ni maradufu.

Nitawapa mfano wa kwetu. Embe limening'inia juu mtini. Wewe unachota mchanga, walirushia. Mchanga walifikia, lakini embe halianguki. Waongeza mchanga, wawaita wenzako kumi, mwarusha mchanga toroli nzima. Embe liko pale pale, kwa sababu hakuna punje hata moja yenye uzito wa kulikata kikonyo. Kisha aja mtoto mmoja na jiwe moja. Paa! Embe chini.

Mchanga ni masafa ya chini. Jiwe ni masafa ya juu. Embe ni yale maungo madogo madogo ndani ya mwili wetu, khasa ule uzi ndani ya seli unaobeba maagizo ya mwili, DNA. Kikonyo kikikatika vibaya na mwili usiweze kurekebisha, hapo ndipo saratani yaweza kuanzia miaka ya mbele.

Tazameni sasa ukubwa wa tofauti. Fotoni moja ya ile taa ya buluu ya mtoto ina nguvu kama ya fotoni 700,000 hivi za simu ya megahezi 900. Na fotoni moja ya eksirei ya hospitali yaweza kuwa na nguvu zaidi ya mara 18,000 ya ile ya buluu. Mnaona? Yote yaitwa mionzi. Ni sawa na kusema chui na paka wote ni wa ukoo mmoja. Ni kweli, lakini hulali na chui kitandani.

Kwa hivyo wataalamu wamegawa ukoo huu pande mbili. Upande mmoja, mionzi ambayo fotoni moja yake ina nguvu ya kupasua maungo ya mwili: sehemu ya juu ya urujuanimno, eksirei, na gama. Urujuanimno wa jua, hata ule usiofika kiwango hicho, nao una nguvu ya kutosha kuiharibu DNA ya ngozi. Upande wa pili, mionzi ambayo fotoni yake haiwezi kupasua: redio, simu, maikrowevu, rimoti, na mwanga wa kawaida.

Lakini msinielewe vibaya. Sikusema upande wa pili hauna madhara kabisa. Mchanga haukati kikonyo, lakini toroli nzima ya mchanga ukimwagiwa usoni utaumia. Mawimbi ya maikrowevu yakiwa mengi hupasha joto, na joto huchoma. Ndiyo maana jiko lile limefungwa ndani ya chuma. Kwa hivyo ukisikia neno mionzi, uliza maswali mawili. La kwanza, ni ya aina gani? La pili, ni kiasi gani?

TAA YA BULUU

Turudi kwa mtoto wetu. Na kwanza tusichanganye majina. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, huletwa na mbu. Hii ya watoto wachanga yatokana na rangi ya manjano, bilirubini, inayobaki damu ya zamani inapovunjwa. Ini la mtoto mchanga bado ni changa, halijaweza kuitoa yote, basi yajaa kwenye ngozi.

Ile bilirubini ina tabia ya kuumeza mwanga wa buluu. Fotoni ya buluu ikiigonga, inaipinda umbo lake. Haiichomi, yaipinda tu. Na likishapindwa, umbo hilo jipya layeyuka kwenye maji, na mtoto aitoa kwa choo na mkojo bila kulisubiri ini. Taa nyekundu haingefanya kazi hiyo hata ukiweka mia, kwa sababu ni mchanga. Urujuanimno nao ungemuunguza ngozi, kwa sababu jiwe limezidi uzito. Buluu ndiyo yenye uzito unaofaa kazi hii. Macho yafunikwa kwa sababu ni machanga, na mwanga ule ni mkali.

Na jambo hili liligunduliwa vipi? Halikuanzia kwenye mashine. Lilianzia kwa muuguzi, kama yule aliyetuokoa sisi. Katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, mwaka 1956, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wachanga nje wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoa umanjano, isipokuwa sehemu moja ya pembetatu iliyokuwa manjano sana. Pale ndipo ncha ya shuka ilipokuwa imemfunika. Madaktari wakafuatilia, wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo.

Najua mama wengi hapa mtasema, basi tuwaanike watoto juani. Jua lina buluu ndani yake, ni kweli. Lakini lina pia urujuanimno na joto, na mtoto mchanga huungua upesi. Huko Nigeria wataalamu walijaribu kuwaweka watoto chini ya mahema maalumu yanayozuia urujuanimno na kupunguza joto, chini ya uangalizi wa wauguzi, na matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba yalifaa. Hiyo ni tofauti na kumlaza mtoto barazani. Mtoto akiwa manjano, mpeleke akapimwe damu. Akiwa manjano siku ile ile aliyozaliwa, au akilala sana na kukataa titi, usingoje hata kidogo.

TUNAOGOPA TUSICHOPASWA

Kuna mitaa ambayo watu wameandamana kwa sababu ya mnara wa simu kujengwa karibu na madrasa. Sisemi wasiulize maswali. Kuuliza ni haki yao, na mnara usimamishwe kwa sheria, na watu wasikaribie antena zenyewe huko juu. Lakini tulijue jambo lenyewe. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa sababu ushahidi wakati huo haukutosha kuamua. Mwaka 2024 ulitolewa uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti za miaka mingi, na haukuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo.

Sasa, baada ya maandamano hayo, twapita barabarani twamwona kijana wa miaka kumi na sita anachomelea mageti ya chuma bila kinga yoyote, amekunja uso tu. Hapo hatuandamani. Na ule mwanga wa kuchomelea una urujuanimno mkali. Mchana hahisi kitu. Usiku ndiyo macho yaanza kuwasha kama yametiwa mchanga, machozi yatiririka, hawezi kutazama taa. Hiyo ni ngozi ya mbele ya jicho imeungua. Leo yapona, kesho aungua tena, na miaka ikienda macho yaharibika.

Alhasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi Cairo, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga. Zama zile wengi walidhani jicho ndilo linalotoa miale kwenda kwenye vitu. Moja ya hoja zake dhidi yao ilikuwa nyepesi sana. Ukitazama mwanga mkali, jicho laumia. Basi ni mwanga unaoingia jichoni. Miaka elfu moja imepita, na kijana wetu wa mageti bado hajafikiwa na hoja hiyo.

Na jua letu pia. Sisi tuko karibu na ikweta, urujuanimno ni mwingi, na hauhisiki. Joto unalohisi si lile linalounguza ngozi. Siku ya mawingu mepesi waweza kuungua vile vile. Ndugu zetu wenye ualbino ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, na saratani ya ngozi huwamaliza wakiwa vijana. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kivuli saa za mchana, hayo kwao ni dawa. Ukiwa na mtoto wa aina hiyo darasani, usimweke dirishani.

Nimalizie hapo. Tukitoka, tazameni upande wa magharibi. Buluu, kwa kuwa wimbi lake ni fupi, hutawanywa zaidi na hewa. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi, buluu yapotelea njiani, na nyekundu yenye wimbi refu ndiyo inayotufikia. Ule wekundu mnaoutazama mkisubiri adhana ni somo la leo, limeandikwa angani.

MASWALI

Swali (kutoka upande wa akina mama): Mwalimu, kama eksirei ni salama, mbona yule mtu wa mashine huenda kujificha nyuma ya ukuta?

Jibu: Swali zuri, mama. Eksirei ni jiwe, si mchanga. Kwa hivyo hatuipigi bila sababu. Wewe wapigwa picha moja, kiasi chake ni kidogo, na faida ya kujua mfupa umevunjika wapi ni kubwa kuliko hatari yake. Yeye yuko pale kila siku, kwa wagonjwa wengi. Akisimama wazi kila mara, kidogo kidogo itajaa. Ukiwa na mimba, au washuku una mimba, sema kabla ya kupigwa. Usinyamaze kwa haya, wala usikimbie. Waambie, wao wataamua na kukukinga.

Swali (kijana): Na 5G? Twaambiwa masafa yake ni ya juu, kwa hivyo ni hatari.

Jibu: Umeshika somo, masafa ya juu nguvu zaidi. Lakini juu kuliko nini? Mitandao mingi ya 5G hutumia karibu megahezi 3,500. Piga ile hesabu: wimbi la sentimita 8 na nusu. Mwanga wa kijani wa kioo cha simu yako una masafa mara 160,000 ya hayo. Kama waogopa 5G kwa masafa yake, basi taa ya sebuleni ingepaswa kukutoa mbio.

Swali (kijana): Kulala na simu chini ya mto je?

Jibu: Kwa mionzi sina wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ni betri kupata moto chini ya mto, na wewe kutolala mpaka daku.

Swali (mzee mmoja): Mimi nina mjukuu anachomelea hapo juu barabarani. Miwani nyeusi ya jua yatosha?

Jibu: Haitoshi, baba. Nyeusi hupunguza mwanga anaouona, lakini haikuhakikishii kwamba yazuia urujuanimno wala ukali wa ule moto. Anunue kinga ya uso ya kazi hiyo, yenye kioo chake maalumu. Na watoto wanaosimama kutazama cheche, wafukuzeni.

Mzee: Nitapita kwake nikitoka hapa, kabla ya adhana.

Jibu: Jazakallahu khayran, baba. Mwambie ni mwalimu aliyekutuma.